Mke wa Hamdun na Mifuko ya Unga

Mtongwe, Likoni
14 Machi 1944

Mwanangu Hamdun,

Dua kwanza, kisha salamu, kisha salamu tena. Barua yako ya Januari imefika juzi, imechakaa kama iliyokuja kwa miguu. Nilimsomea Bibi yako mara mbili. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili akasema hati yako imeharibika tangu ulipoanza kuendesha malori ya jeshi. Bibi ni mzima wa maneno, ila miguu haimtii tena. Ashinda kitandani, na nyumba yote yaendeshwa kutoka kitandani hapo.

Kinachotusumbua huku ni nguo. Wewe umezaliwa katika nyumba ya wauza nguo. Umelelewa na mimi, shangazi yako, baada ya babako kufariki, na utotoni ulikuwa ukilala mchana juu ya marobota ya bafta nyeupe dukani kwa babu yako. Kwa hivyo utadhani nakutania nikikwambia kwamba jana nilivuka feri alfajiri, nikasimama kwenye foleni mjini mpaka adhuhuri, nikarudi na yadi mbili za kaniki. Merikani hakuna, bafta hakuna. Nguo zaja kwa kibali, na zikija hazimfikii mtu. Duka la babu yako tumelifunga mwezi uliopita, kwani muuza nguo asiye na nguo afungua mlango kwa ajili gani? Huku bara nimeona kwa macho yangu watu wazima waliojifunga magunia. Mashuka yetu yamekuwa mepesi, ukiyainua waona jua.

Ila sisi tutajistahi. Jina la nyumba hii halijavaa kiraka, na inshallah halitavaa.

Mkeo ni mzima. Hana la kulalamikia.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Ng'ambo, mahali nisiporuhusiwa kutaja
3 Mei 1944

Shangazi yangu Mwanamkasi,

Shikamoo. Mkono wa Bibi naubusu kwa mbali. Mimi ni mzima. Huku mvua hainyeshi, yamwagwa. Barabara ni tope, na lori langu hulala usingizi kwenye tope hilo kila siku ya pili. Chakula chapatikana. Zaidi ya hapo afisa anayesoma barua zetu atakata, basi namwachia.

Yaliyosalia ni ya nyumbani. Shangazi, umeniandikia karatasi mbili, na mke wangu amepata mstari mmoja. Unajua Nyevu hajui kusoma wala kuandika. Sina mdomo mwingine wa kusema naye ila wako, wala sikio jingine la kumsikia. Ukinyamaza wewe, sote wawili twawa mabubu.

Najua hukumtaka. Uliniambia wazi: binti wa Kigiriama, wa Mtopanga, amesilimu juzi, hajui mila za nyumba kubwa. Sikukujibu siku ile kwa heshima. Sasa niko mbali, nitakwambia jinsi nilivyomwona. Nilikuwa nimekwenda Mtopanga kupakia nazi. Alikuwa amekaa mlangoni kwa mjomba wake Kenga, amefumua hando kuukuu la marehemu mamake. Wayajua mahando, zile sketi zao za marinda mengi, moja hula nguo yadi kwa yadi. Ameyanyosha marinda yote, sehemu zilizooza amezitupa, nzima amezipanga chini, nyeupe kwa iliyofifia, kama mtu apangaye vigae. Nikamuuliza, "Washona nini?" Akasema, "Pazia la mlango. Mama hakupenda watu wachungulie." Hakuniangalia hata kidogo. Nilisimama pale mpaka watu wangu wakamaliza kupakia peke yao, wakaanza kunicheka.

Nisalimie yeye. Uniandikie alichojibu, neno kwa neno.

Mwanao,
Hamdun


Mtongwe
21 Juni 1944

Mwanangu Hamdun,

Ama salamu zako zimefika, na zetu uzipokee. Bibi akusalimu, akuombea kila baada ya swala. Mvua za masika zimekwisha vizuri. Mihogo imeshika. Mbuzi yule mwekundu amezaa mapacha. Jirani yetu wa upande wa baharini amepata mjukuu wa kike, wakamfunga kwa kipande cha kilemba cha babake kwa kukosa winda. Manowari zimejaa hapa kwenye mkono wa bahari, na askari wa majini watupa vitu vingi jalalani kwao. Watu waenda kuokota.

Bibi alalamika mgongo. Godoro lake limezeeka. Foronya zake nimezigeuza upande wa ndani, na ule wa ndani nao umekwisha.

Duka bado limefungwa. Mwalimu Mwinyihaji, imamu wetu, amesema tuvumilie, maana hata sanda sasa ni za kutafutwa.

Usijisumbue na mambo ya nyumbani. Kazi yako ni kurudi salama.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Ng'ambo
15 Agosti 1944

Shangazi yangu,

Shikamoo, na kwa Bibi shikamoo. Namshukuru Mungu kwa mapacha wa mbuzi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaigeuza na nyuma. Umemtaja mbuzi, umemtaja jirani, umetaja mihogo. Nyevu hayumo.

Katika kikosi chetu yuko kijana wa Kisauni, jina lake Kitsao. Amepata barua kwa nduguze, na ndani yake wameandika kwamba mke wa dereva Hamdun amerudi kwa mjomba wake Mtopanga tangu mwezi wa Aprili. Kitsao alinisomea polepole, kisha akaikunja akatazama kando, kama mtu aliyemwaga chai ya mwenziwe.

Shangazi, wewe ndiwe uliyenifundisha kusema kweli, na ulinichapa nilipokosa. Nauliza kwa adabu zote ulizonipa: mke wangu yuko wapi?

Hamdun


Mtongwe
2 Oktoba 1944

Mwanangu,

Salamu ni zile zile. Nitakwambia, maana umeuliza kwa adabu, na adabu hiyo imeniuma kuliko kama ungenitukana.

Yuko Mtopanga. Hakuondoka kwa tamaa zake. Nilimwondoa mimi.

Mkeo alianza kuleta vitu nyumbani. Kwanza mifuko ya unga wa ngano, ile ya kitambaa cheupe yenye maandishi ya buluu, akiipata kwa mwokaji mikate mmoja wa Kisauni. Kisha vipande vya hema vilivyotupwa na askari wa majini, kisha kabuti la jeshi lililoliwa na nondo. Uani kwetu kukawa hakupitiki. Mifuko akiiloweka kwa maji ya majivu, akiianika, akiiloweka tena. Turubai akilichemsha kwa magome ya mikoko mpaka lawa jekundu kama tofali. Nilimwambia mara moja, nikamwambia mara ya pili. Ajibu "Abee, shangazi," na kesho yake kuna mfuko mwingine kambani.

Ijumaa moja wakaja wageni wa Bibi kutoka mjini, wanawake wa nyumba kubwa. Mmoja akatazama uani, akafunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, akasema, "Kumbe nyumba ya wauza bafta sasa ni ghala la magunia." Wakacheka. Bibi yako hakucheka, aliniangalia mimi tu. Walipoondoka nilitoka na hasira zangu zote. Nikaikusanya ile mifuko, nikairusha nje ya ua, mbichi ilivyo. Nikamwambia, "Nyumba hii haikuzaa waokota matambara. Ukitaka jalala, rudi kwenu."

Aliniangalia, akasema, sauti haikupanda wala kushuka: "Shangazi, nilikuwa nashona godoro la Bibi. La kwake limetoboka, sufi yamtoka chini ya mgongo."

Nikampa mgongo. Akatoka, akaikusanya mifuko yake mchangani, akaifunga, akaja kunipa mkono wa kwaheri. Sikuupokea. Hilo pia nakwambia.

Na si hilo tu. Mwezi wa Julai nilifungua chumba chake, nikaliona godoro lenyewe, limebaki pindo moja kuzibwa. Foronya ya turubai jekundu, juu yake vipande vya kabuti kwa ulaini, na kila shubiri amepiga fundo ili sufi isikimbilie upande mmoja. Mshono mdogo mdogo, umenyooka kama mstari wa karani. Nililiziba lile pindo mimi, nikamlaza Bibi juu yake. Akalala mpaka asubuhi, jambo alilolikosa mwaka mzima. Akauliza, "Nani kashona?" Nikamwambia, "Mimi."

Sasa wajua yote. Nichape wewe.

Mwanamkasi


Mtongwe
17 Desemba 1944

Mwanangu Hamdun,

Miezi miwili na nusu, hakuna jibu lako. Kama ni hasira, ni haki yako. Kama ni jambo jingine, Mungu aliepushe. Nakuandikia hivyo hivyo, maana habari hii haingoji.

Bibi yako amefariki. Alhamisi, tarehe 16 Novemba, baada ya swala ya alfajiri. Hakuteseka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku tatu kabla, nilikuwa namgeuza, nikashindwa kuubeba ule uongo. Nikamwambia, "Mama, godoro hili sikulishona mimi. Alilishona Nyevu, na mimi nikamfukuza." Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, "Najua. Tangu utotoni hujapata kushona pindo likanyooka." Akaongeza, "Nami nilikuangalia siku ile ili uwafukuze wale wageni. Wewe ukamfukuza mtoto."

Basi alipofariki, nyumba ikajaa watu, maji yakatiwa motoni, na sanda haikupatikana. Babu yako aliuza bafta miaka arubaini, akawavika maiti wa pwani nzima, na mkewe mwenyewe amelala hana yadi moja nyeupe. Wanaume walivuka feri, wakazunguka mjini, wakarudi mikono mitupu. Ofisi ya vibali ilisema njooni Jumatatu. Nikafungua makasha yote. Mashuka yetu, lililo zima si jeupe, na jeupe si zima. Mwalimu Mwinyihaji akasema nguo iliyovaliwa yafaa, mradi ni safi na yamsitiri. Hatukuwa na ya kumsitiri. Nilikaa chini karibu na mama yangu nikaona aibu ambayo sijaiona maishani.

Saa saba hivi watu wakapisha mlangoni, nikainua kichwa. Ni Nyevu. Mjomba wake Kenga ni kibarua kivukoni, alizisikia habari huko akampelekea mbio. Mimi sikumtumia mtu kumwarifu. Alikuwa ametoka Mtopanga kwa miguu, amepita daraja la Nyali, amekata kisiwa chote, amevuka, na kichwani ana furushi la nguo. Akapiga magoti mbele yangu.

"Shangazi, pole na msiba. Nimesikia sanda haijapatikana."

Akalifungua. Hamdun, mwanangu, nimekulia katika nguo nyeupe. Najua bafta ya daraja la kwanza na ya daraja la pili kwa kuigusa gizani. Ile mifuko ya unga ilikuwa imefumuliwa, imefuliwa, imeanikwa kwenye umande na jua hata sijui mara ngapi, na weupe wake uliniumiza macho. Nilitafuta maandishi ya buluu sikuyaona. Ilikuwa ishirini na mbili. Alikuwa akiiweka kwa mashuka ya kitanda chenu, siku utakayorudi.

Mwalimu akaja akaishika. Akauliza, "Imepatikana kwa njia gani, binti yangu?"

"Namfulia mwokaji nguo zake, Mwalimu. Kila nikimaliza kufua, anipa mifuko mitupu."

"Basi ni safi, na ni halali. Fanyeni haraka."

Tukakaa chini, yeye na mimi na wanawake wanne. Uzi alikuwa nao: ule wa kufungia midomo ya mifuko, hautupi, auzungusha kwenye kijiti. Yeye akikata, sisi tukiunga. Wanawake waliomcheka walikuwapo. Mmoja alitaka kuunga, mshono ukaenda upande, Nyevu akampokea sindano. Mfuko mmoja ulikuwa na kivuli cha herufi, hafifu mno. Akauona yeye peke yake, akautenga. "Huu haumfai Bibi," akasema. Vipande vitano vikatimia kabla ya alasiri, na mama yangu akazikwa siku yake, katika nguo nyeupe kamili, kama wanawake wote wa nyumba yake walivyozikwa.

Baada ya maziko nilimshika mkono, ule ule niliokataa kuupokea. Nikamwambia abaki. Akasema, "Shangazi, nimekuja kwa Bibi. Sikuja kwa nyumba." Akanywa maji, akaondoka kabla ya magharibi.

Sikuweza kumlaumu. Uniandikie, hata kama ni kunigombeza.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Mtongwe
25 Februari 1945

Mwanangu Hamdun,

Bado kimya. Naswali, naandika. Huku tu wazima, na safari hii "tu" ina watu wawili ndani yake.

Arubaini ya Bibi ilipokwisha nilikwenda Mtopanga mwenyewe. Kenga alinipokea kwa heshima, akanionyesha chumba cha mpwawe. Wallahi, niliingia nikasahau maneno niliyoyapanga njiani. Chumba ni cha udongo na makuti, na ndani yake hakuna nguo moja iliyotoka dukani, lakini hukioni kiraka ukakiita kiraka. Mlangoni pazia la yale mahando. Kitandani tandiko la vipande, vya kaniki, vya shati, vya leso zilizokufa, kila kipande kikubwa kama kiganja, amevipanga, weusi ukizidi pembeni na rangi zikija katikati. Amefuma busati kwa nyuzi za gunia na matambara yaliyosokotwa, laini, mguu hautaki kutoka. Ana mfuko wa kutundikia vyombo ukutani, wenye vijumba vyake, mwiko hapa, sahani pale. Wanawake watatu walikuwa chini wakijifunza. Yeye hasemi sana. Ashika mkono wa mtu, aupeleka pamoja na sindano, auachia.

Nikakaa chini kwenye busati pamoja nao. Nikasema mbele yao wote, "Nyevu, nilikosa. Nimekuja kukuomba urudi."

Akaendelea kushona kidogo. Kisha akasema, "Nikija, nakuja na mifuko yangu."

"Njoo nayo."

"Na uani nitaanika."

"Utaanika mpaka barazani."

"Na wageni wa mjini wakija?"

Nikamwambia, "Wageni wakija, nitawatandikia wakae juu yake."

Hapo akacheka, mwanangu. Nimeishi naye mwaka mzima sijapata kukiona kicheko chake. Ana pengo dogo upande wa kulia, hukuniambia.

Amekuja wiki iliyofuata na wale wanafunzi wake nyuma. Tumelifungua tena duka la babu yako, mara mbili kwa wiki twavuka kwenda huko. Watu waleta vilivyochakaa: kanzu iliyokwisha mabega, chandarua kilichoraruka, mwavuli. Nyevu aigeuza nguo huku na huku, aiweka juani, amwambia mtu, "Hii bado ina foronya mbili na kitambaa cha meza." Na kweli huzitoa. Mimi nakaa mbele na kusema, hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Mshono wangu wa pindo ameniamuru niufumue mara tatu. Nikamwambia mimi ni mamkwe wako. Akasema, "Abee, shangazi. Ufumue."

Nimemuuliza nikuandikie nini kwake. Amefikiri siku nzima, akasema: "Mwambie nimezima taa ya hasira. Mwambie mashuka yetu amekwenda nayo Bibi, nami naanza mengine."

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Nairobi
10 Aprili 1945

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Barua zako tatu zilinifuata kutoka mahali mpaka mahali, zikanipata zote pamoja wiki iliyopita. Nilimlilia Bibi kama mtoto. Mungu amlaze pema. Uliyonifichulia yamekwisha, shangazi. Sina hasira hata punje.

Habari ya sanda nimemsomea kila mtu chumbani humu. Yuko mzee mmoja wa Ukambani, sajini, mtu mgumu, aliniomba nimrudie pale mwokaji anapotajwa. Akasema, "Huyo mwanamke angekuwa kwetu jeshini na sindano yake, mahema yasingevuja, tusingelala kwenye maji." Nilijua niliyemwoa, shangazi. Sasa najua zaidi.

Nimerudishwa Kenya. Niko Nairobi kwa shughuli kidogo za jeshi. Huenda nikabaki huku kutafuta kazi ya kukaa, ya bohari au ya kuandika. Msiningoje.

Kuna jambo moja nataka umwambie Nyevu, kwa upole wako mpya. Yeye bado ni kijana, na mikono yake yajulikana sasa pwani nzima. Kama aona ndoa hii imekuwa mzigo, yuko huru. Nitaandika talaka wala sitauliza neno. Mwambie si kwa ubaya.

Mwanao,
Hamdun


Mtongwe
10 Mei 1945

Hamdun,

Salamu utazipata mwisho wa barua kama utastahili.

Gari la moshi kutoka Nairobi hulala njiani usiku mmoja. Kesho yake mtu yuko Mombasa, na feri ya Likoni haina bahari kubwa. Umetoka ng'ambo ya dunia, huwezi kutoka Nairobi? Ni "chumba" gani hicho chenye sajini wa kulala na kusikiliza barua mchana? Na tangu lini dereva akatafuta kazi ya kukaa?

Talaka yako sikumsomea. Nilifika hapo nikakohoa, nikaruka. Nimekwisha kumdanganya mtu mmoja katika nyumba hii kuhusu kazi ya Nyevu. Sitamdanganya Nyevu kuhusu wewe zaidi ya wiki tatu. Juzi mizinga imepigwa bandarini, vita vya Ulaya vimekwisha, watu wacheza ngoma mpaka mtaani Shika Adabu. Yeye aliacha sindano, akaja mlangoni, akatazama upande wa kivuko.

Uliniuliza kwa adabu mke wako yuko wapi, nikakujibu. Nami nakuuliza: una nini?

Wasalaam.
Mwanamkasi


Nairobi, hospitali ya jeshi
29 Mei 1945

Shangazi,

Shikamoo. Umenishika.

Mwezi wa Oktoba lori langu lilikanyaga kitu kilichozikwa njiani. Kitsao alikuwa kando yangu, yeye hakurudi. Mimi walinitoa hai. Mguu mmoja haukutoka. Wamenikata mara mbili, hapo kwanza na tena kwenye meli kwa sababu ya usaha. Sasa kidonda kimefunga. Natembea kwa magongo mawili, na kila jioni ngozi ya kigutu yachubuka kwa bendeji.

Sikuandika kwa kuwa sikuwa na la kuandika. Sitaweza kuendesha lori, wala kubeba nazi. Nimeona barua zako, nikaona alivyoinuka, nikasema nisiende kuwa mzigo mgongoni mwake sasa hivi anapoanza kutembea wima. Huo ndio ukweli wote. Mwambie vyovyote uonavyo vyema.

Hamdun


Mtongwe
20 Juni 1945

Mwanangu, jicho langu,

Salamu zote nilizokunyima nakupa sasa, na za mwezi ujao juu yake. Pole. Pole tena. Nimemwombea Kitsao, na Nyevu amekwenda kuwapa pole nduguze Kisauni.

Barua yako ilikuja dukani, saa nne ya asubuhi, wateja wamejaa. Niliisoma kimya kwanza. Nyevu alikuwa anakata chandarua. Aliniona uso, akaweka mkasi chini, akawaambia watu warudi alasiri. Akafunga mlango. "Soma, shangazi. Usikohoe safari hii."

Kumbe alijua nimeruka.

Nikamsomea yote. Ya lori, ya Kitsao, ya magongo, na nikairudia ile ya Aprili, ya talaka, neno kwa neno. Nikaikunja barua. Nilitaraji kilio, nimeandaa kifua changu kabisa. Yeye alikaa akitazama mikono yake, akaipindua, akaitazama tena. Machozi yalimtoka mawili matatu, akayafuta kwa kiwiko. Kisha akainuka, akaanza kuchambua kwenye kapu la vipande, blanketi la sufi huku, flana huku, akivikanda kwa kidole gumba kuona kipi laini. Nikamwita. Hakugeuka.

"Nyevu, nimjibu nini?"

Akasema, na nimeandika alivyosema: "Mwulize ni mguu upi. Na umekatwa chini ya goti au juu, na unene wake ni kiasi gani. Nataka kukata nguo laini ya kuuvika, na sina kipimo."

Hilo ndilo jibu, mwanangu. Nimemuuliza kama kuna jingine. Hakuna.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Nairobi
2 Julai 1945

Shangazi, shikamoo.

Mwambie Nyevu ni wa kushoto. Chini ya goti, shubiri moja kasoro vidole viwili. Unene wake nimeupima kwa uzi mahali patatu na kufunga fundo kila mahali. Uzi wenyewe umo ndani ya bahasha hii, msiupoteze.

Hamdun